Jina la Bi Borafya

Kidichi,
9 Januari 2024

Wifi Tamima,

Salamu ndefu nitakupa kwa mdomo tukionana. Leo Msabah keshapiga honi mara mbili, na gari yake ile ya matunda ikinguruma mlangoni mtaa mzima unajua. Simu huku bondeni haishiki kabisa, kwa hiyo kila la kukwambia nitakuwa nalitia kikapuni, chini ya maua. Na wewe nijibu humo humo.

Mna makopo kumi na mawili ya singo. Usiyaweke juani, na usiyaweke kwenye lile dirisha la upande wa bahari, chumvi inaingia. Akija somo wa bi harusi kununua, mwambie asimsinge mwari kwa maji ya mfereji hata siku moja. Achanganye na marashi, amsugue mwili mzima taratibu, siku saba kabla ya harusi. Akikwambia anajua, mwambie tena. Makungwi wa siku hizi wanajua kupiga picha tu.

Jana nilimwambia mwenye shamba sirudi. Miaka sita nikiwapikia watalii wake pilau, nikiitwa kwa kengele kama mbuzi. Akacheka, akanambia, "Mwanakheri, utarudi tu." Nikamwambia tutaonana Peponi inshallah, kama na wewe utakuwepo. Kaka yako Gharib aliposikia alicheka mpaka akapaliwa na chai. Bangili zangu mbili za mahari nimeuza zote, unajua. Gharib akanitizama mkono mtupu, akasema duka likisimama atanirudishia tatu.

Bibi yangu Borafya, Mungu amrehemu, alikuwa akiwasinga wari wote wa Bwejuu bure, singo yake kaitia kwenye mikebe ya maziwa ya unga. Leo jina lake linakwenda kukaa mjini juu ya mlango. Mimi usingizi sina kwa furaha, Tamima, nakwambia kweli.

Wako,
Mwanakheri

*

Mkunazini,
12 Januari 2024

Wifi yangu Mwanakheri,

Weee! Makopo tisa yameondoka kwa siku mbili! Mama mmoja wa Malindi kafungua kifuniko, kanusa, kafumba macho, akasema, "Hii ndiyo niliyosingwa mimi." Akabeba matatu. Mimi machozi yalinitoka, nikajifanya vumbi.

Leo asubuhi nimefungua mlango kwa ufunguo wangu mwenyewe. Hujui raha yake. Miaka kumi na moja nimesimama mapokezi hotelini, nikitabasamu mpaka mashavu yanauma, meneja akinambia baibui yangu inawatisha wageni. Leo nimekaa kwenye kiti changu, nimevaa baibui yangu, nikimtaka mteja nacheka naye, nisipomtaka namtizama tu.

Sasa mambo mawili. La kwanza, jina. Kibao nimekiandikisha "Borafya" kama ulivyotaka, lakini wallahi ni jina la kishamba, wifi. Wenzetu wanaita maduka yao Lulu, Yasmina, majina ya maana. Haya, nshanyamaza, ni bibi yako, usininunie.

La pili, karatasi. Ofisi ya usajili wanataka mwenye jina la biashara aje mwenyewe, na kitambulisho, atie saini na dole gumba. Tumekubaliana mwenyewe ni wewe, bangili ni zako na mkono ni wako, mimi mshirika wako tu. Basi njoo wiki hii. Mpe kaka salamu, mwambie namdai samaki.

Wifi yako,
Tamima

*

Kidichi,
30 Januari 2024

Wifi,

Usinikasirikie. Najua nilisema Jumatatu, na Jumatatu imepita mara mbili.

Kwanza asumini. Hoteli moja ya pwani imemtuma mtu wao, kanunua asumini yote ya Kidichi hata haijafunguka, ati wanawatandazia wageni kitandani. Maua ya kumsinga mwana wa watu yanalaliwa na Mzungu na mchanga wake wa miguuni! Nimezunguka mashamba matatu kwa miguu kupata kapu moja. Kufanya kazi ya mtu, likiharibika jambo unakwenda kulala. Kufanya yako, unalala nalo. Hilo hakuna aliyeniambia.

La pili ni kaka yako. Kichwa kinamuuma wiki ya pili sasa, na asubuhi anatapika. Hataki hospitali, ananambia nikishughulikie kikapu changu. Siwezi kumuacha mchana kutwa nikaja kupanga foleni ofisini. Akipata nafuu tu nakuja.

Yamo makopo manane. Najua uliomba ishirini.

Mwanakheri

*

Mkunazini,
20 Februari 2024

Wifi,

Nimepata makopo sita, na mawili kati yake yameota ukungu. Mteja kanirudishia moja mbele ya watu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Nisikufiche, mwezi huu wa Shaaban kila nyumba ina harusi, wanataka kuozesha kabla ya Ramadhani, na mimi nimekaa mbele ya rafu tupu. Kazi nimeacha. Wewe ukikosa huko una mihogo yako na nazi zako. Mimi huku nna mwenye nyumba anapita kila tarehe moja akisafisha koo. Nyinyi watu wa shamba wakati mnao, sisi hatuna.

Na kaka, kila wiki kichwa, kila wiki kichwa. Mimi namjua tokea tuko wadogo, akichomwa na mwiba anaita majirani. Mpe panadol, mpikie chai, uje utie saini. Au kama hutaki tena, sema.

Tamima

*

Mkunazini,
4 Machi 2024

Wifi yangu,

Ile barua yangu ya mwisho ichome. Tafadhali. Kama kaka aliisoma, usinambie.

Nimekaa nayo kila siku tokea tulipomzika Jumamosi ile. Alikufa kwa kichwa, na mimi nilimuandikia panadol. Kila nikifunga macho naliona neno hilo kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Wewe umekaa eda, una miezi minne na siku kumi za kumlilia. Mimi dada yake sharia imenipa siku tatu. Siku ya nne nimefungua duka, nimesimama, nimetabasamu. Sikulaumu, nakwambia tu.

Nimemuuliza sheikh mmoja hapa mjini mambo yako. Kasema mwenye eda asiguse kitu chochote cha harufu nzuri, hata sabuni ya kunukia, na asivuke kizingiti hata hatua moja, kwa lolote liwalo, mpaka siku zitimie. Kwa hiyo usihangaike na safari ya ofisini, nitawaomba watusubiri.

Lakini wifi, harusi za Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, zishaanza kuagizwa, na singo haiko. Mimi sijui kuitengeneza. Tufunge? Sema wewe. Ukisema tufunge nitafunga.

Tamima

*

Kidichi,
10 Machi 2024

Wifi Tamima,

Hakuisoma. Nilimwambia tu Tamima anakusalimia, anadai samaki wake. Akasema, "Mwambie alipokuwa mdogo alikula wangu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho juu yako, yachukue.

Mimi nipo. Naoga kwa sabuni ya mche, nimevaa nguo zangu za zamani zisizo udi. Bi Nusrat, jirani yangu anayesomesha darsa la wanawake, ndiye anayenipokelea kikapu kwa Msabah hapo mlangoni na kukitia maua. Chumba cha singo nimekifunga na ufunguo nimempa yeye, maana harufu ilikuwa inapita chini ya mlango. Ndiyo harufu ya nguo za Gharib, Tamima. Kila shati lake lilinuka kazi yangu.

Usifunge duka. Nimekaa siku tano nikiwaza, na hili ninaloandika bibi yangu alinikataza nisiliandike popote. Alisema liingie sikioni, likae mkononi. Lakini mtoto Mungu hakunipa, na mkono wangu umefungwa. Basi shika.

Mawaridi makavu mekundu, si ya pinki, viganja saba. Asumini ichumwe alasiri, ikiwa imefumba nusu, ukichuma iliyofunguka inakuotea ukungu, na yale mawili yaliyooza ndiyo sababu yake, nilikuwa na haraka. Mrehani majani tu, vijiti tupa. Maua ya mkadi kidogo. Liwa, ule mti wa kunukia, usinunue ya unga, watakuchanganyia vumbi la mbao. Nunua kijiti, ukisage mwenyewe juu ya jiwe kwa marashi mpaka kiwe kama uji.

Na siri yenyewe ni hii. Kila mtu anatia karafuu, na karafuu inamuunguza mwari ngozi, anakwenda kwa mumewe na vipele. Bibi Borafya hakutia karafuu. Alitia makonyo, vile vijiti vya karafuu ambavyo watu wanavitupa au wanaviuza kwa bei ya bure. Akivikaanga juu ya kigae mpaka vigeuke rangi, akivitwanga vingali moto. Harufu inakuwa ya karafuu na ngozi inabaki laini. Asijue mtu. Watasema tunawasinga watoto wao kwa takataka.

Umeshajua yote sasa. Hakuna nililobakisha.

Mwanakheri

*

Mkunazini,
18 Aprili 2024

Wifi yangu kipenzi,

Iddi imepita na hukuivaa, nimekuwekea kanga. Nimetengeneza singo! Kopo la kwanza nilimpa mwanangu Khawla anuse, akasema, "Mama, inanuka kama mke wa mjomba." Nikajua nimepata.

Wateja Mashallah, mpaka nimemuweka msichana, anaitwa Muzdalifa, ananisaidia kusaga. Lakini liko jambo linanikwaza na nilitaka kukuficha. Mama mmoja alikuja kuagiza ya binti yake, akaniuliza, "Anayetengeneza si yule aliyefiwa na mume, yuko edani?" Nikamwambia ndiye. Akarudisha kopo rafuni polepole, kama linang'ata, akasema hataki mwanawe aingie kwa mume na mkono wa kizuka aliye edani. Siku ya pili wakaja wengine wawili, swali hilo hilo. Basi sasa wakiuliza nawaambia natengeneza mimi. Si uongo, kwa sasa ni kweli. Usichukie.

Na ofisi wamekaza. Mwisho wa mwezi huu asipofika mwenyewe kutia saini, watatufungia. Wewe huwezi kutoka. Nifanye nini?

Tamima

*

Kidichi,
20 Aprili 2024

Wifi,

Kizuka! Mimi nimemzika mume, sikumuua. Lakini haya, waambie unatengeneza wewe, wapate kuolewa kwa amani.

La ofisi ndilo lililoninyima chakula. Nakuomba umrudie yule sheikh, umuulize vizuri, usikate maneno. Muulize hivi: mwanamke akitoka mchana, ndani ya gari, na maharimu wake au mwanamke mwenzake, akaenda kutia saini ya riziki yake, hakujitia hata tone la marashi, akarudi kabla ya adhuhuri, ana dhambi? Mjomba wangu Mwalim yuko tayari kuja kunichukua kutoka Bwejuu. Mimi nitafanya atakalosema. Sitaki Gharib aulizwe kaburini kwa ajili ya duka langu.

Nijibu kesho.

Mwanakheri

*

Mkunazini,
22 Aprili 2024

Wifi,

Nimemuuliza. Kasema hapana, hata kwa hilo.

T.

*

Kidichi,
23 Aprili 2024

Basi andika jina lako, mpaka nitoke.

Mwanakheri

*

Kidichi,
2 Juni 2024

Tamima,

Hii barua yangu ya tatu. Msabah ananiletea kikapu kitupu, namuuliza ulimpa mkononi, ananambia nilimpa mkononi, akakipokea, akaingia ndani. Maua yangu unayachukua na maneno yangu unayaacha humo humo? Barua ya mwezi uliopita nimeikuta chini ya kikapu imelowa maji ya mawaridi, haijafunguliwa.

Sikuulizi habari ya duka. Nataka kujua uzima wako tu. Mtu akikaa ndani miezi mitatu anaanza kuhesabu mbao za dari na kuwaza mabaya, na mimi sitaki kuwaza mabaya juu ya dada wa Gharib. Niandikie hata mstari mmoja, nijue ni kazi imekuzidi.

Bi Nusrat leo kanisoma uso, akasema, "Mwanangu, una nini na mjini?" Nikamwambia sina kitu.

Mwanakheri

*

Mkunazini,
9 Juni 2024

Wifi,

Samahani, kazi, kazi, kazi. Harusi za Mfungo Tatu zimetuvamia. Nimekutumia kanga doti mbili, sukari, na mchele wa basmati. Maua usilete tena, nimepata mtu wa karibu anayeleta kwa pikipiki.

Wewe pumzika. Ukitoka eda tutazungumza.

Tamima

*

Kidichi,
8 Julai 2024

Tamima,

Nimetoka. Jumatatu ya wiki iliyopita siku zilitimia. Nimeoga, nimebadilisha nguo, Bi Nusrat kanisomea dua. Nikamwambia kesho nakwenda mjini kwa wifi yangu, maana tokea Machi sheikh alinikataza kuvuka kizingiti.

Akanitizama. "Sheikh gani?" akaniuliza. Nikamwambia sheikh wa mjini, Tamima ndiye aliyemuuliza. Bi Nusrat akaingia ndani kwake, akatoka na kitabu, akavaa miwani, akanisomea Kiarabu, akanifasiria neno kwa neno. Mwenye eda ya kufiwa anatoka mchana kwa haja yake. Anatoka kununua chakula. Anatoka kuuza uzi aliousokota kwa mkono wake. Kuuza uzi, Tamima! Tokea zamani hizo wajane walikuwa na biashara zao, na kitabu kikawafungulia mlango. Nikamwambia Bi Nusrat, mbona hukunambia? Akasema, "Hukuniuliza. Nilikuona umejifungia, nikadhani ni mapenzi ya mume."

Na mimi sikumuuliza. Mtu anapokea kikapu changu kila asubuhi, kitabu kiko nyumba ya pili, na mimi nikauliza mjini kwa barua. Hilo ni langu, sikutupii.

Siku ya pili nilikuja. Nilifunika uso, nikaingia dukani kwako kama mteja yeyote. Dukani kwako, ndiyo, nakosea kusema dukani kwetu? Rafu mpya, taa mpya, kioo. Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti na mama mmoja na binti yake. Hukunitizama hata mara moja. Binti akakuuliza Borafya ni nani, na wewe, bila ya hata kumeza mate, ukamwambia, "Ni bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyenifundisha." Bibi yako mzaa baba alizaliwa Sokomuhogo, Tamima, na hakuwahi kukanyaga mchanga wa Bwejuu. Wewe ndiye uliyenambia hilo jina la kishamba.

Nilinyoosha kidole, Muzdalifa wako akanipa kopo, nikalipa bei yako, nikatoka. Nimelifungua nyumbani. Miezi minne na siku kumi sikunusa kitu, na kitu cha kwanza kilichoniingia puani kilikuwa hicho. Nilikaa chini. Niliinusa tena na tena, nikiomba niikute ina kasoro, umetia karafuu, umenunua liwa ya unga, umefanya ubahili wowote. Haina kasoro. Umefuata kila neno nililokuandikia.

Sasa nijibu moja tu, na usiniletee mchele. Yule sheikh ni nani?

Mwanakheri

*

Mkunazini,
12 Julai 2024

Mwanakheri,

Hakuna sheikh. Sikumuuliza mtu, si mara ya kwanza wala ya pili. Haya, nshasema.

Mara ya kwanza nilikuwa nakulinda. Nilijua utataka kuja, na nilikuwa sikutaki mbele yangu, maana kila nikikuona nilimuona kaka amelala na ile barua yangu. Mara ya pili nilikuwa nalinda duka. Ungekuja mjini na nguo zako za msiba, ukapita Mkunazini, nani angeingia tena? Wewe hukuwepo kuona makopo yakirudishwa rafuni. Hukuwepo kwa mwenye nyumba. Hukuwepo nikiungua vidole kukaanga hayo makonyo yako mpaka nikajua rangi yake. Wewe ulikuwa na eda. Mimi nilipewa siku tatu, na hakuna aliyeniletea hata chai.

Sikupanga kukuibia. Ilikuwa kila siku jambo moja dogo, na kila jambo dogo wewe mwenyewe ulisema andika. Kurudisha jina sasa siwezi, nimesaini na watu wa mahoteli kwa jina hilo, na wao wananijua mimi.

Lakini sikutupi. Njoo ufanye kazi hapa. Utakuwa nyuma, chumba cha kusagia, na Muzdalifa chini yako, mshahara kila mwezi hata wateja wasipokuja, na nauli. Kichwa hakitakuuma na ofisi wala kodi. Bangili zako nitakulipa kidogo kidogo. Fikiria kabla hujajibu kwa hasira, wewe ni mke wa kaka yangu.

Tamima

*

Bwejuu,
19 Julai 2024

Tamima,

Kazi sitaki. Nilishakuwa na mtu wa kuniita kwa kengele, na yule alinambia nitarudi tu. Angalau yeye hakujifanya ndugu yangu.

La siku tatu umesema kweli, na limeniuma. Ungelia kwangu, ningekulilia na wewe. Ulinificha kilio chako ukaja kukitoa kwenye biashara yangu. Kwa panadol nshakusamehe tokea siku ile, ujue. Kwa sheikh wako sijakusamehe, na sijui kama nitaweza.

Kabla ya kuja huku kwetu nilipita ofisi ya usajili. Mama wa watu mpole, akanikaribisha kiti. Nikamwambia nataka kusajili singo yangu kwa jina la Borafya. Akatafuta, akageuza kompyuta nione, jina lako liko pale na saini yako. "Lina mwenyewe," akasema. "Huna jengine?" Nikamwambia sina jengine. Nitatengeneza hivyo hivyo bila ya jina, kwenye mikebe ya maziwa kama alivyofanya yeye. Watakaonijua watanijua.

Liko moja limebaki, na ni lako sasa.

Kaburi la Bi Borafya liko hapa Bwejuu, nyuma ya msikiti mdogo, la tatu kutoka ukutani. Kila mwaka kabla ya Ramadhani ninakwenda mimi asubuhi na mapema, peke yangu, nalipalilia na kulisomea, kwa sababu wajukuu wote walikufa nikabaki mmoja. Mwaka huu sikwenda. Ramadhani ilinikuta ndani, na nilikuwa nimeambiwa haifai hata hatua moja. Jana nimelitizama. Magugu yamefika kiunoni, mwandiko wa jina lake hausomeki.

Sikuyagusa. Karatasi ya serikali inasema Borafya ana mwenyewe, na mwenyewe unawaambia wateja ni bibi yako mzaa baba. Jembe nimeliacha kwa mjomba wangu Mwalim, nyumba ya bluu mkabala na msikiti, nimemwambia yuko mjukuu wa marehemu atakuja kutoka mjini.

Njoo umpalilie bibi yako.

Mwanakheri